Aandikaye Makala Kuhusu Makala

Kuna kauli moja inayomaliza kila mjadala kuhusu Kongo ya mashariki: "Huu ni wakati wa vita." Kanali huisema mbele ya maikrofoni. Mbunge huirudia Kinshasa. Nimeisikia hata kwa watu wapole kabisa, wakinywa chai, redio ikiwa imeshatoa habari na kuhamia kwenye mpira. Kijana kakamatwa Beni kwa sababu ya bango? Huu ni wakati wa vita. Mtu aliyekuwa akihesabu malori ya mbao yanayotoka msituni kalala siku kadhaa kwenye chumba cha idara ya ujasusi, wakili wake kazuiwa mlangoni? Jamani, huu ni wakati wa vita.

Tafsiri yake inajulikana. Usalama kwanza, haki zitafuata. Mwanaharakati asiyeweza kungoja ni mjinga au ni msaliti, na vyovyote iwavyo, pingu hazimwonei.

Mimi nasema kauli hiyo imekaa kichwa chini miguu juu. Kama kuna wakati ambapo dola haina ruhusa ya kumfungia mtu wa namna hii, ni wakati wa vita. Sisemi hivyo kwa huruma peke yake, ingawa huruma si dhambi. Nasema hivyo kwa kuangalia yaliyotokea Kivu Kaskazini, mahali ambapo askari hufoka kwa Kilingala na anayekamatwa hujibu kwa Kiswahili hikihiki ninachokiandika.

Nisiwadhulumu wanaoshikilia kauli hiyo. Hoja yao ina mizizi. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wamekuwa wakichinjwa mashambani kwao na waasi wa ADF, na aliyezika ndugu zake wawili ndani ya mwaka mmoja hana subira na anayempigia askari kelele. Majasusi wapo pia. Wapo watu wanaouza njia za doria na wapo wanaohifadhi silaha chini ya uvungu. Serikali isiyowatafuta itakuwa imelala.

Lakini jasusi haandiki barua. Katiba ya Kongo, ibara ya 26, inawataka wanaotaka kuandamana waijulishe mamlaka kwa maandishi, basi. Vijana wa LUCHA, vuguvugu lililozaliwa Goma mwaka 2012, wamefanya taarifa hiyo kuwa kama ibada. Barua hupelekwa kwa meya ikieleza siku, saa, njia watakayopita na madai yao. Hukaa chini wakifika polisi. Hawabebi hata fimbo. Goma walianza na mambo ya kawaida kabisa, ajira na maji, katika mji uliokaa juu ya Ziwa Kivu huku watoto wakisukuma vidumu vya njano juu ya chukudu, zile baiskeli za mbao, kutoka ufukweni kwa kuwa bomba la nyumbani limekauka. Adui wa aina gani huyu anayekutumia ratiba yake?

Serikali ilitangaza hali ya kuzingirwa katika Kivu Kaskazini na Ituri mwezi Mei 2021. Magavana wa kiraia wakaondolewa, wakawekwa majenerali na maofisa wa polisi, na kesi za jinai za raia zikahamishiwa mahakama za kijeshi. Ahadi ilikuwa kwamba kwa mkono mmoja wenye nguvu vita vingekwisha upesi. Tarehe 11 Novemba mwaka huohuo, vijana wa LUCHA wakaandamana Beni kuuliza matunda ya utawala huo yako wapi. Wakakamatwa. Kumi na wawili kati yao walihukumiwa na mahakama ya kijeshi tarehe 1 Aprili 2022, kifungo cha mwaka mmoja kila mmoja.

Sasa weka kalenda nyingine pembeni. Usiku wa kuamkia tarehe 8 Novemba 2021, siku tatu tu kabla ya kukamatwa kwa vijana hao, waasi wa M23 waliokuwa kimya kwa miaka karibu minane walivishambulia vituo vya jeshi kwenye vilima vya Chanzu na Runyonyi, wilaya ya Rutshuru. Mwisho wa Machi 2022, siku chache kabla ya hukumu ile, wakaanza mashambulizi mapya. Juni wakachukua Bunagana, mji wa mpakani. Januari 2025 waliingia Goma yenyewe. Katika miezi ile kati ya kukamatwa na hukumu, dola ilikuwa na mwendesha mashtaka, jaji, karani, askari wa zamu na faili la kushughulika na vijana waliokaa chini na mabango.

Sidai kwamba wale vijana wangeachwa huru Bunagana isingeanguka. Huo ungekuwa upuuzi. Nadai kwamba swali waliloliuliza, matunda yako wapi, ndilo swali ambalo kila mtu mwenye akili alikuwa akiuliza miaka mitatu baadaye, majenerali wakiwa wameshakimbia mji kwa boti.

Hapa ndipo wapinzani wangu huhama uwanja. Wanasema: haya, hao wa maandamano tuwaache, lakini wale wa mazingira wanaingilia mambo makubwa, mafuta, madini, misitu, mambo ya uchumi wa taifa. Tena wanalipwa na wazungu.

Tulizungumze hilo taratibu, kwa sababu ndipo penye mfupa.

Kwetu pwani makala ni maandishi kama haya. Goma na Bukavu makala ni mkaa wa kupikia. Na ukifika Kinshasa, Makala ni gereza kuu la nchi, lililojengwa kwa ajili ya watu 1,500 na kujazwa mara nyingi zaidi ya hapo. Kwa hiyo lugha yenyewe imeshaifupisha habari: aandikaye makala kuhusu makala huishia Makala.

Gunia la makala linalouzwa Goma kwa kawaida halikutoka mbali. Jirani ya mji huo iko Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, ya kwanza barani Afrika, na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1979. Mji wenye watu zaidi ya milioni moja, umeme wa kubahatisha, na msitu mlangoni: hesabu hiyo haihitaji profesa. Miti inakatwa ndani ya hifadhi, inafukiwa kwenye tanuri, na kila gunia linapopita kwenye kizuizi linalipiwa ushuru. Kabla ya Goma kuanguka, kizuizi kimoja kilikuwa cha waasi wa FDLR. Kilichofuata kiliweza kuwa cha sare ya serikali. Mama anayenunua kopo la makala jioni ili apikie watoto bugali hana kosa, wala hana namna. Lakini fedha ile inanunua risasi. Mwaka 2007 gorila wa familia ya Rugendo walipigwa risasi na kuachwa hapohapo, dume lao Senkwekwe akiwamo, bila mtu kuchukua nyama wala mikono, na uchunguzi ukaelekea kwenye biashara hiyohiyo ya makala, hadi kwa ofisa mkubwa wa hifadhi aliyekuja kukamatwa.

Ndiyo maana nasema anayehesabu magunia anahesabu risasi. Kazi yake ni ya ulinzi kuliko ya nusu ya wanaolipwa kwa jina hilo. Anajua lori la nani linapita saa ngapi, kizuizi kipi kinakusanya kiasi gani, mkuu gani wa kikosi ana hisa kwenye mbao. Jeshi lenye nia ya kushinda lingemwita mezani na kumpa kalamu. Akitiwa pingu, ujue kuna mtu mezani ambaye orodha hiyo ina jina lake. Vita vya panzi furaha ya kunguru, na kunguru hapendi kuhesabiwa.

Mfano ulio wazi ni wa Rodrigue Katembo. Huyu hakuwa wa shirika la kigeni. Alikuwa askari wa hifadhi, mtumishi wa serikali ya Kongo, mkuu wa kanda ya kati ya Virunga, mtu aliyechukuliwa utotoni akafanywa askari na akanusurika. Kampuni ya Uingereza, SOCO, ilikuwa na kibali cha kutafuta mafuta kwenye kitalu kilichoingia ndani ya hifadhi, na sheria ya nchi inakataza kuchimba humo. Mwaka 2013 Katembo aliwazuia watu waliotaka kusimika mnara wa mawasiliano ndani ya hifadhi. Alikamatwa, akashikiliwa siku 17, akateswa. Alipotoka alirudi kazini na kuendelea kukusanya ushahidi. Aprili 2014 mkuu wake, Emmanuel de Merode, alipigwa risasi njiani akirudi Rumangabo, makao makuu ya hifadhi, saa chache baada ya kuwasilisha faili kwa mwendesha mashtaka wa Goma. Kampuni ilikana kuhusika na ukatili wowote, na miezi miwili baadaye ikakubali kusimamisha kazi zake hifadhini.

Nani hapo alikuwa akilinda taifa? Mwenye pingu au mwenye funguo? Na ule wimbo wa "wanalipwa na wazungu" tuuimbeje, ikiwa aliyekamatwa ni mtumishi wa serikali na mwenye kibali alitoka London?

Ukitaka kujua kwamba vita si sababu bali ni kisingizio, vuka mpaka tu. Uganda haina vita kule Hoima, linapoanzia bomba la mafuta la kilomita 1,443 kuja Chongoleani, Tanga. Hata hivyo wanafunzi wanaoandamana Kampala kupinga bomba hilo wamesombwa mara nyingi, na wengine wakapelekwa gereza la Luzira. Juni 2024 mfanyakazi wa shirika moja la mazingira alichukuliwa Kampala na kupatikana siku kadhaa baadaye, ametupwa kando ya barabara Kyenjojo, hoi. Kule hawasemi "wakati wa vita". Wanasema "maendeleo". Neno limebadilika, pingu ni zilezile.

Nawajua wasomaji watakaoruka kwa furaha hapa: kumbe serikali ndiyo mbaya, basi waasi ni afadhali. Watulie. Baada ya Goma na Bukavu kuanguka, wanaharakati waliobaki walianza kulala nyumba tofauti kila usiku. Mei 2025 Amnesty International ilitoa ushuhuda wa raia waliozuiliwa na M23 katika miji hiyo miwili: vipigo, vyumba vilivyojaa, chakula kidogo, ndugu kufukuzwa langoni. Kosa lao lilikuwa kushukiwa kuwa upande wa serikali. Yaani kijana yuleyule anaweza kufungwa Oktoba kwa kumsaidia adui wa Kinshasa, na Februari akasakwa kwa kuisaidia Kinshasa. Delcat Idengo, mwanamuziki kutoka Beni, aliwekwa Munzenze, gereza la Goma, kwa nyimbo na kauli zake zilizoishambulia serikali. Alitoka gereza lilipovunjwa mji ulipoanguka. Tarehe 13 Februari 2025 aliuawa kwa risasi barabarani Goma, mji ukiwa mikononi mwa M23, na serikali ileile iliyomfunga ikawanyooshea kidole waasi.

Munzenze inanirudisha kwenye jambo ambalo wenye kauli ya "wakati wa vita" hawaligusi kamwe. Gereza hilo lilijengwa kwa ajili ya watu mia chache tu. Januari 2025 lilikuwa na zaidi ya 4,000. Mji ulipokuwa ukianguka, walinzi walitoweka, wafungwa wakavunja milango, moto ukawaka. Kwa mujibu wa Umoja wa Mataifa, wanawake zaidi ya 150 wa upande wa akina mama walibakwa na wafungwa wanaume, na wengi wao wakafia motoni. Kati ya waliokuwa ndani, yaani mwizi wa simu, mdaiwa, muuaji, mwanaharakati, hakuna aliyepangiwa gari la kuhamishwa.

Sheria ya vita ilishaliona hilo. Itifaki ya Pili ya Mikataba ya Geneva, ya mwaka 1977, ambayo Kongo imeiridhia, inasema katika kifungu cha 5 kwamba mahali pa kuwazuilia watu pasiwe karibu na uwanja wa mapigano, na kwamba pakiwa hatarini walioko ndani wahamishwe pale inapowezekana kwa usalama. Ukiamua kuwaachia, unalazimika kuhakikisha usalama wao. Maana yake, anayemfunga mtu karibu na mstari wa mbele amechukua roho yake mkononi. Hana uwezo wa kuilinda? Asimfunge. Vita, ambavyo wao wanavitaja kama ruhusa ya kufunga, vimeandikwa pale kama onyo.

Kuna wanaodhani kwamba hali ya hatari hufuta haki zote kama mvua inavyofuta chaki. Ibara ya 61 ya Katiba ya Kongo inataja mambo yasiyoguswa hata wakati wa kuzingirwa: uhai, marufuku ya mateso, haki ya kujitetea na kukata rufaa, uhuru wa mawazo na dhamiri. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu hauna kabisa kifungu cha kusimamisha haki wakati wa dharura, na Tume ya Afrika, ikiamua shauri lililoihusu Chad mwaka 1995, ilisema hata vita vya wenyewe kwa wenyewe si udhuru. Hayo si maneno ya Brussels. Yameandikwa na Waafrika kwa ajili ya Afrika.

Kongo ina hata sheria maalumu ya kuwalinda watetezi wa haki, ya tarehe 15 Juni 2023. Nilipoisoma mara ya kwanza nilifurahi, kisha nikafika kwenye masharti ya kujiandikisha na kutoa ripoti kila mwaka, furaha ikapungua. Mtu wa kijijini Masisi anayeandika kwenye daftari la shule majina ya waliofukuzwa mashambani hatakwenda kuomba kitambulisho cha utetezi. Na kitambulisho chenyewe, kikishikwa kwenye kizuizi cha wanamgambo, ni hukumu.

Mwisho kabisa wanakuja marafiki. Hawa hawapingi haki, wanapinga kelele. Mnamwumiza mwenzenu, wanasema, acheni wakubwa wazungumze kimyakimya. Ushauri huu una heshima yake, na zipo familia zinazouchagua. Mama wa mfungwa ana haki ya kuamua, na shirika lolote linalotangaza jina la mwanawe bila kumwuliza linakosea. Ila uangalieni ulivyofanya kazi Machi 2015. Polisi walivamia mkutano wa vijana Kinshasa, wakati wa kuzindua vuguvugu la Filimbi. (Jina la Kiswahili katikati ya mji wa Kilingala, nalipenda.) Walikamatwa Wakongo, na pamoja nao wageni kutoka Senegal na Burkina Faso, hata mwanadiplomasia mmoja wa Marekani. Mwanadiplomasia akaachiwa siku hiyohiyo. Waafrika wenzetu, waliokuwa na vuguvugu na vyombo vya habari nyumbani kwao vikipiga ukelele, wakafukuzwa nchini wakiwa wazima ndani ya siku chache. Fred Bauma na Yves Makwambala, Wakongo, walibaki hadi Agosti 2016, miezi 17, wakishtakiwa kwa njama dhidi ya kiongozi wa nchi, kosa ambalo lingeweza kuwapa adhabu ya kifo. Mkutano ulikuwa mmoja na tuhuma moja. Tofauti ni nani aliulizwa habari zake, na mapema kiasi gani.

Ndiyo maana sivutiwi sana na tuzo zinazotolewa Ulaya baada ya mtu kutoka. Ulinzi halisi ni mdogo kuliko huo na una harufu ya jikoni. Nenda lango la gereza lolote la mashariki asubuhi, utawaona wanawake wamepanga foleni na sufuria zilizofungwa kwa kitenge: bugali, sombe, maharage. Mfungwa asiye na ndugu mjini anakula vungule, mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, ikiwa ipo. Kwa hiyo kumhamisha mtu wa Goma hadi Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kwa ndege, si suala la faili. Ni kumwondoa kwenye sufuria ya mamaye. Mlinzi langoni akipokea chakula, amekiri kwamba mtu huyo yuko ndani na yu hai. Akikikataa, hapo ndipo pa kuanza kuogopa. Juni 2010 Floribert Chebeya, mtetezi wa haki mashuhuri kuliko wote nchini mwake, aliitwa makao makuu ya polisi Kinshasa. Kesho yake alikutwa amekufa ndani ya gari lake. Dereva wake, Fidèle Bazana, alitoweka. Saa kama hizo ndizo zinazohitaji daftari lenye jina la aliyeingia.

Katiba imeweka saa 48 za kumshikilia mtu kabla ya kumwachia au kumfikisha mbele ya mamlaka ya mahakama. Saa hizo ndizo za mawakili, mapadre, waandishi, balozi zinazopenda kusema zina wasiwasi, na ndugu walioko Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Bujumbura wenye simu na namba za watu. Ukisikia kesho kwamba kuna aliyechukuliwa Uvira au Butembo, usianze na swali la alifanya nini. Uliza yuko chumba gani, nani kapokea chakula chake, na jina la ofisa aliyeandika kitabu cha zamu. Liandike hilo, na saa yake.